Uzi: "Watu wazima wachanjwe homa ya ini ya nini?"

1/ Mjadala wa bajeti ya afya ukifika kwa chanjo, lazima mtu aulize: kwa nini pesa za umma zimkinge mtu mzima na homa ya ini B, na "ni tabia zake"? Wadau, swali hili ni la zamani. Hebu turudi nyuma.

2/ Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani 1981. Ilitengenezwa kutoka kwa damu ya watu wenye virusi hivyo, ikasafishwa. Mwaka uliofuata wakaamua wachanjwe walio hatarini tu: wahudumu wa afya, wanaojidunga dawa za kulevya, wanaume wanaofanya ngono na wanaume.

3/ Kwa karatasi, safi. Mashinani ikakwama. Dozi tatu zilikuwa karibu dola 100. Ukimwi ulikuwa umeingia, watu wakaogopa chochote kilichotoka kwa damu. (Chanjo isiyotumia damu ilikuja 1986.) Halafu, nani atapanga foleni ya kumtangaza kwa majirani?

4/ 1991 Marekani ikaamua kuchanja watoto wachanga wote. 1992 WHO ikahimiza kila nchi ifanye hivyo kufikia 1997. Sayansi iko wazi: mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa virusi kukaa mwilini ni karibu 90%. Mtu mzima ni chini ya 5%.

5/ Kenya ilianza mwishoni mwa 2001, ndani ya sindano ya magonjwa matano, wiki ya 6, 10 na 14. Mimi ni wa 2003, nilidungwa. Kaka yangu ni wa 1998, ikampita. Leo anafanya kazi maabara, anashika damu ya watu kila siku. Sasa hapo tabia mbaya ni gani, kuzaliwa mapema?

6/ Ndio, 5% inaonekana kidogo, na pesa ni chache. Ndio maana unapima kwanza, kisha unachanja asiye na virusi wala kinga. Lakini kusema "watoto wanatosha" ni kuacha nje waliozaliwa kabla ya 2001.

7/ Kwa hivyo mwanasiasa akisema "walio hatarini watachanjwa", muulize: wapi, kwa bei gani, na bila kuwaaibisha vipi? Marekani ilishindwa hapo hapo.

8/ Kaka amebakisha dozi ya tatu. Mbili za kwanza alijilipia.