Kupe: mbwa anaonekana mzima, kumbe vijidudu viko ndani ya damu

Mbwa anakula vizuri, usiku anabweka, lakini hiyo haioneshi kama damu yake ni safi. Kupe wa mbwa, yule wa rangi ya kahawia anayejificha hata ndani ya nyufa za kuta, anaweza kumuachia babesia, kijidudu cha chembe nyekundu za damu, ama erlikia, bakteria ya chembe nyeupe. Mbwa anaweza kubeba erlikia miezi, hata miaka, bila dalili.

Namna gani wanapima? Munganga wa wanyama anatoa tone la damu kwenye ncha ya sikio, analipaka kwenye kioo, anatia rangi ya Giemsa, kisha anaangalia na mikroskopi. Ni kipimo cha bei ya chini, na kwa mbwa mgonjwa kinasaidia. Kwa mbwa anayeonekana mzima, vijidudu ni vichache: kioo kinaweza kukosa kitu, na bado viko.

Kipimo cha kingamwili kinaonesha tu kama mbwa alishakutana na ugonjwa. PCR, yenye kutafuta ADN ya kijidudu, inaona hata kidogo, lakini inaomba laboratware kubwa.

Mbwa huyo akidhoofika, ugonjwa unaweza kuamka: fizi zinakuwa nyeupe, na kwa babesia mkojo unafanana na kahawa. Tena, kupe wanachukua vijidudu kwake na kuvipeleka kwa mbwa wengine.

Kwa hiyo, hata kipimo kikikosa kitu, angalieni masikio na katikati ya vidole kila siku, toeni kupe mapema.