SOMO LA HISTORIA: MHARIRI C. P. SCOTT WA MANCHESTER

Leo tutazungumza habari za Mwingereza mmoja aliyekuwa mhariri wa gazeti moja kwa muda wa miaka 57. Jina lake ni Charles Prestwich Scott.

Kwanza tuelewe mhariri ni nani. Mhariri ndiye msimamizi wa maandishi ya gazeti. Yeye huamua habari zipi zipigwe chapa na zipi ziachwe. Basi mhariri akiwa mwongo, wasomaji wake wote watadanganyika. Akiwa mwoga, hawatajua mambo yanayowapasa kujua.

Scott alizaliwa mwaka 1846 katika mji wa Bath, akasoma Oxford. Binamu yake, John Edward Taylor, alikuwa mwenye gazeti la Manchester Guardian, lililoanzishwa mwaka 1821 katika Manchester, mji wa viwanda vya nguo za pamba. Mwaka 1872 Taylor alimpa Scott kazi ya mhariri, naye alikuwa kijana wa miaka 25 tu. Mwaka 1895 Scott alichaguliwa pia kuwa mjumbe wa Bunge, lakini uhariri hakuuacha.

Sasa sikilizeni jinsi alivyojaribiwa. Mwaka 1899 vita vilianza Afrika ya Kusini baina ya Waingereza na Makaburu, yaani wakulima weupe wa asili ya Kiholanzi. Katika Uingereza watu wengi walivishangilia vita hivyo. Scott hakuvishangilia. Aliandika kwamba havikuwa vita vya haki. Wasomaji wengi walikasirika, wakaacha kulinunua gazeti lake. Wengine walimwita adui wa nchi yake, hata polisi wakawekwa kuilinda nyumba yake.

Mambo yakazidi. Majeshi ya Waingereza yalichoma mashamba ya Makaburu, na wake na watoto wao wakakusanywa katika kambi. Waafrika nao walitiwa katika kambi zao mbali. Chakula kilikuwa kidogo, maji machafu, na maradhi yakaenea. Bibi mmoja Mwingereza, Emily Hobhouse, alikwenda mwenyewe kuziona kambi za Makaburu. Aliporudi mwaka 1901 alieleza aliyoyaona, na watu wengi hawakutaka kumsikiliza. Scott alizipiga chapa habari zake.

Serikali ikatuma kamati ya mabibi, chini ya Bibi Millicent Fawcett, kwenda kuchungua. Kamati ikaona kwamba hali ya kambi ilikuwa mbaya kweli. Ndipo mambo yakaanza kutengenezwa na vifo vikapungua. Lakini hadi vita vilipokwisha mwaka 1902, Makaburu zaidi ya 26,000 walikuwa wamekufa kambini, wengi wao watoto. Na Waafrika waliokufa katika kambi zao hawakupungua 14,000.

Wahenga walisema, msema kweli hukimbiwa na rafiki zake. Lakini fikirini: kama kila mhariri angalinyamaza kwa kuogopa hasara, watoto wangapi zaidi wangalikufa?

Taylor alikufa mwaka 1905. Mwaka 1907 Scott akalinunua gazeti lile kwa paundi 242,000, fedha nyingi sana siku zile. Hakulinunua ili atajirike. Alitaka lisije likaingia mikononi mwa mtu atakayeligeuza kuwa duka la kuuza maneno ya kupendeza.

Mwaka 1921 gazeti lilipotimiza miaka 100, Scott aliandika makala inayokumbukwa mpaka leo. Alisema kwamba kila mtu ana uhuru wa kutoa maoni yake, bali mambo yaliyotukia ni kitu kitakatifu, hayaguswi. Akasema tena kwamba mpinzani naye ana haki ya kusikilizwa kama rafiki.

Neno hili linatuhusu sisi tunaojifunza kusoma. Chukueni mfano. Gazeti likisema, “Jana mvua ilinyesha na daraja likavunjika,” hiyo ni habari. Unaweza kwenda mtoni ukaona mwenyewe. Likisema, “Waliolijenga daraja ni wavivu,” hayo ni maoni. Huenda ni kweli, huenda si kweli, yataka ushahidi. Mtu ajuaye kusoma herufi tu husadiki yote mawili sawasawa. Mtu ajuaye kusoma hasa huyatenga, kama mtu apetaye mchele na kuziondoa chuya.

Scott aliacha uhariri mwaka 1929, akafa tarehe 1 Januari 1932, mwenye umri wa miaka 85. Mwaka 1936 jamaa zake waliliweka gazeti chini ya amana, ili asiwepo mtu mmoja wa kulitumia kwa faida yake mwenyewe. Tangu mwaka 1959 jina lake ni The Guardian.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Kazi ya mhariri ni nini?
2. Kwa nini wasomaji wengi walimkasirikia Scott wakati wa vita?
3. Bibi Hobhouse aliona nini, na habari zake zilileta faida gani?
4. Chukueni gazeti lolote. Tafuteni sentensi moja ya habari na moja ya maoni, mzisome kwa sauti, kisha mwelezane mmejuaje tofauti yake.