Vanilini: Harufu ya keki inayozaa dawa ya presha

Ukifungua kichupa cha vanila jikoni, ile harufu tamu inayokupiga puani ni ya vanilini. Wengi tunaijua kwa keki na aiskrimu tu. Kumbe kiwandani ni malighafi ya dawa, ikiwemo ile ya presha wanayopewa akina mama wajawazito.

Ni kitu gani?

Vanilini ni aldehidi ya aromatiki, fomula yake C8H8O3. Ina pete ya kaboni sita iliyobeba makundi matatu: aldehidi, haidroksili na methoksi. Ni unga mweupe wa chengachenga, unaoyeyuka kwenye nyuzi joto 81 hadi 83 hivi. Kwenye maji baridi huyeyuka kidogo sana, ila kwenye alkoholi huyeyuka vizuri. Ndiyo maana maganda ya vanila hulowekwa kwenye alkoholi ili yatoe harufu.

Ukiuacha unga wazi, hewa huugeuza polepole kuwa asidi. Funga chombo, kiweke mbali na mwanga.

Inatoka wapi?

Mfaransa Nicolas-Théodore Gobley aliitenga kutoka kwenye vanila mwaka 1858. Mwaka 1874, Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann waliitengeneza kwa kutumia koniferini, kitu kinachopatikana kwenye miti jamii ya msonobari.

Maganda ya vanila, kama yanayolimwa Kagera na Uganda, yakishakaushwa vizuri huwa na vanilini asilimia 2 hivi tu. Haitoshi mahitaji ya dunia. Kwa hiyo nyingi leo hutengenezwa kwa gwayakoli itokanayo na mafuta ya petroli. Molekuli ni ileile. Tofauti ni kwamba ganda lina viambato vingine vingi vinavyoongeza ladha.

Inakuwaje dawa?

Siri iko kwenye kundi la aldehidi. Kaboni yake ina upungufu wa elektroni, hivyo molekuli nyingine hujishika hapo kirahisi.

Chukua methildopa, ambayo wengi wanaijua kama Aldomet. Njia mojawapo iko hivi:

1. Vanilini huunganishwa na nitroethani.
2. Kinachopatikana hutiwa chuma na asidi, kikawa ketoni.
3. Ketoni huongezewa amonia na sianidi, kisha hugeuzwa kuwa asidi ya amino.
4. Mwisho, kundi la methoksi hubadilishwa kuwa haidroksili.

Vanilini imetumika pia kuanzia utengenezaji wa levodopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson. Kazi hiyo ilichangia William Knowles wa Marekani kupata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2001.

Usichanganye mambo

Vanila ya jikoni haishushi presha. Baada ya hatua zote hizo, molekuli inayobaki si vanilini tena. Mama mjamzito aliyeandikiwa vidonge aendelee navyo kama alivyoelekezwa kliniki; keki ibaki kuwa keki.