Mzigo ukiharibika njiani, nani analipa? Ugomvi wa zaidi ya miaka 100

Kontena inafunguliwa Bukavu na magunia ya chini yameloa maji. Mwenye kamioni anasema alikabidhiwa kontena ikiwa imefungwa. Wakala wa bandarini anasema ndivyo ilivyoshuka toka meli. Kampuni ya meli inajibu kwamba mambo ya barabarani hayaihusu. Mwenye mali anabaki katikati na hasara, pengine na deni la benki pia.

Ugomvi huo ni wa zamani kuliko kontena yenyewe. Kwa desturi za kale, aliyebeba mali ya mtu kwa malipo alihesabiwa kuwa mlinzi wake: ikipotea, yeye analipa, isipokuwa kwa mambo kama dhoruba kali ao maadui wa vita. Lakini katika karne ya 19, biashara ya bahari ilipokuwa kubwa, makampuni ya meli yalianza kuandika masharti ya kujitetea kwenye hati ya shehena, yaani karatasi inayoonyesha kwamba mzigo umepokelewa melini. Maji yakiingia, si juu yetu. Wizi ukitokea, si juu yetu. Hata uzembe wa mabaharia, si juu yetu. Mchuruzi hakuweza kwenda kwa mwingine, maana karibu wote waliandika vilevile.

Wamarekani, ambao pamba na nafaka yao ilibebwa sana na meli za Waingereza, ndio waliosema basi. Mwaka 1893 walipitisha sheria inayoitwa Harter. Kuanzia hapo, mwenye meli alikatazwa kujiondolea lawama kwa uzembe wa kupakia, kutunza na kukabidhi mzigo. Naye alipewa kinga: kama aliitayarisha meli vizuri, kosa la nahodha katika kuiongoza halikuwa deni lake.

Maafikiano hayo yalienea. Mwaka 1921 mswada wa kanuni za mataifa yote ulitayarishwa La Haye, na tarehe 25 Agosti 1924 mkataba ukatiwa sahihi Bruxelles. Uliweka kikomo cha malipo, paundi 100 za Kiingereza kwa kila furushi, na muda wa mwaka 1 wa kufungua mashtaka. Kongo wakati huo ilitawaliwa kutoka mji huohuo wa Bruxelles, lakini hakuna Mkongomani aliyekuwa na kiti mezani.

Na kwa mizigo ya Kongo ya mashariki kulikuwa na shida nyingine. Mwaka 1921 Ubelgiji ilikubaliana na Uingereza ipewe sehemu zake katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma. Mzigo ulishuka toka meli, ukapanda treni hadi Kigoma, kisha ukavuka Ziwa Tanganyika. Kanuni za 1924 zilihesabu tu toka mzigo unapopakiwa melini hadi unaposhushwa. Safari ndefu ya nchi kavu na ziwa ilibaki nje. Hapo ndipo kila mmoja alipata nafasi ya kumnyooshea mwenzake kidole.

Mwaka 1956 ilikuja kontena, pale meli Ideal X ilipobeba makasha 58 toka Newark hadi Houston, Marekani. Swali jipya likazuka: kontena yenye magunia 500 ni furushi 1 ao ni 500? Mabadiliko yaliyofanywa Bruxelles mwaka 1968 yalijibu hivi: kama hati imeandika idadi ya magunia, kila gunia linahesabiwa. Kama imeandika tu kontena 1, basi ni furushi 1. Mstari huo mmoja kwenye karatasi unaweza kumpunguzia mtu malipo mara nyingi.

Nchi nyingi maskini, ambazo zina mizigo lakini hazina meli, ziliona bado zinaonewa. Kutokana na kilio hicho, Kanuni za Hamburg zilipitishwa mwaka 1978 na kuanza kutumika 1992. Ziliondoa kinga ya kosa la nahodha na kurefusha muda wa mashtaka kuwa miaka 2. Tanzania, Kenya na Uganda zilijiunga. Mataifa makubwa yenye meli mengi yao yalibaki nje.

Kwa upande wa barabara, Kongo iliingia OHADA, umoja wa sheria za biashara Afrika, Septemba 2012. Sheria ya OHADA ya mwaka 2003 kuhusu kubeba mizigo barabarani inafuata pia safari inayovuka mpaka, hata kama nchi moja tu kati ya hizo mbili ni memba. Mchukuzi anawajibika toka anapopokea mzigo hadi anapoukabidhi. Kikomo ni franka CFA 5.000 kwa kilo, kidogo kuzidi euro 7, isipokuwa thamani kubwa zaidi ilitangazwa katika mkataba. Kwa sukari hiyo inatosha. Kwa simu haitoshi hata kidogo. Wachukuzi wakiwa wengi, mwenye mali anaweza kumshtaki wa kwanza, wa mwisho, ao yule aliyekuwa na mzigo ulipoharibika.

Lakini saa zinahesabiwa. Uharibifu unaoonekana lazima uandikwe na kujulishwa si zaidi ya siku ya kazi inayofuata. Usioonekana, siku 7. Malalamiko ya maandishi, siku 60. Mashtaka, kwa kawaida mwaka 1.

Wengi wanakosea pale pale depoti: wanatia sahihi kwanza, wanafungua magunia kesho, na wanalalamika kwa mdomo. Maneno mawili yaliyoandikwa kwenye karatasi ya mchukuzi kabla ya sahihi, "magunia yameloa", pamoja na idadi yake, yangewapa nguvu mbele ya tribinali ya biashara.