Uso Baada ya Wembe

Msomaji kijana, siku itafika, kama haijafika bado, utakapotazama kioo na kuona kivuli cha kwanza cha ndevu kidevuni mwako. Utatafuta wembe, na baada ya wembe utatafuta kitu cha kupaka. Nawe uliye binti, usipite ukurasa huu upesi, maana ngozi haina ubaguzi, na shauri jema kwa ndugu yako laweza kuwa jema kwako pia. Katika maduka ya Kitui, Mwingi, Wote na Mtito Andei chupa ni nyingi, kila moja na harufu yake, kila moja na sifa zake zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Ni ipi ikufaayo? Swali hili laonekana dogo, lakini sehemu kubwa ya jibu lake imo katika historia. Kila dawa ya kupaka ilizaliwa mahali fulani, kwa ajili ya nyuso fulani na kwa sababu ya hofu fulani. Asiyeijua hofu hiyo huenda akanunua dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Na tuanze nyumbani. Kitui na Makueni ni nchi ya jua kali na upepo mkavu. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, mmoja kati ya Machi na Mei, wa pili kati ya Oktoba na Desemba. Na baina yake huja kiangazi, mito mingi ikabaki mchanga mtupu, watu wakachimba mchangani kutafuta maji. Ngozi ya mwanadamu nayo hukauka kama ardhi aikanyagayo. Wazee wetu walilijua jambo hilo. Wahunzi wa Kikamba, waliosifika kwa kazi ya chuma, walifua nyembe na vikoleo vidogo vya kung'olea nywele za uso. Baada ya chuma yalifuata mafuta: samli ya ng'ombe, au mafuta ya nyonyo yatokanayo na mbegu za mbarika. Tazama hekima iliyokuwamo katika kazi hiyo! Mbegu ya mbarika ina sumu iwezayo kumwua mtu akiitafuna, lakini mafuta yake yakitayarishwa vizuri hayadhuru ngozi. Watu waliojua kutenga mafuta na sumu hawakuwa wajinga wa mambo ya mwili.

Johann Ludwig Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, akawa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu, njia ya kwenda pwani ilikuwa imekwisha kukanyagwa na misafara ya Wakamba. Huko pwani kulikuwa na desturi nyingine. Shabu, ambayo hufanana na jiwe jeupe, ililoweshwa na kupitishwa usoni baada ya wembe ili kukaza ngozi na kuzuia damu ya mikwaruzo. Hewa ya pwani ina unyevu, na uso hutoka jasho. Shabu iliwafaa watu wa huko. Basi hata kabla ya chupa za kisasa, bara na pwani zilitofautiana, kila nchi ikichagua kwa kadiri ya hewa yake.

Chupa za dukani zina nasaba tofauti. Mwaka 1709 nyumba ya Farina ilianzishwa katika mji wa Cologne, Ujerumani, ikauza manukato yaliyochanganywa na spiriti. Mwaka 1867 daktari Mwingereza, Joseph Lister, alitangaza njia yake ya kuzuia vidonda visioze kwa kutumia dawa ya kuua vijidudu, na hofu ya vijidudu ikaenea duniani. Kisha Mmarekani King C. Gillette akapewa hataza ya wembe wake mwepesi mwaka 1904, na mwaka 1918 serikali ya Marekani iliagiza nyembe zipatazo milioni 3 na nusu kwa ajili ya askari wake. Kunyoa kila siku kukawa amri ya jeshi.

Na hofu yenyewe haikuwa ya bure. Wewe uliyekulia penye mifugo wajua kimeta, maradhi yauayo ng'ombe ghafula. Katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, askari na raia kadhaa wa Uingereza na Marekani walipatwa na kimeta usoni na shingoni. Kisa kilikuwa brashi za kunyolea, zilizofanywa kwa manyoya ya farasi yasiyosafishwa vyema. Baadhi yao walikufa. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku brashi za kunyolea zilizotoka Japani. Katika nyakati hizo ndipo maji makali ya kupaka baada ya kunyoa yalipopata soko. Aqua Velva ilitokea mwaka 1917, na Old Spice ya wanaume mwaka 1938. Muwasho ule wa alkoholi ukachukuliwa na watu kuwa ushahidi wa usafi.

Wakamba wengi waliingia jeshi la King's African Rifles, nao wakakutana na amri ile ile ya kunyoa. Lakini amri haikuuliza unywele ni wa namna gani. Mwaka 1956 madaktari wawili wa Marekani, John Strauss na Albert Kligman, walieleza kwa makini asili ya vipele vya ndevu. Unywele uliojikunja ukikatwa karibu sana na ngozi, huwa na ncha kali. Ukikua hujipinda, ukarudi ngozini na kuichoma. Mwili huupiga vita kama mwiba, na kipele huvimba. Ndiyo maana maradhi haya huwapata zaidi watu wa asili ya Afrika. Sasa fikiri, msomaji: spiriti yaweza kuua vijidudu, lakini je, yaweza kuutoa mwiba? Haiwezi. Humwondolea mtu maji na mafuta ya ngozi yake, ikamwachia mwiba wake palepale. Naye akikuna na kubinya, kovu laweza kubaki usoni maisha yake yote.

Kwa hiyo chagua kwa kuijua ngozi yako. Nawa uso, usipake kitu, ungoje saa moja. Ikiwa ngozi yavuta na kuwa na weupe wa ukavu, tafuta mafuta mazito au losheni yenye gliserini. Iking'aa, losheni nyepesi isiyo na mafuta mengi yakutosha. Ikiwa huwashwa upesi, epuka manukato. Ikiwa una vipele vya ndevu, epuka alkoholi. Acha ndevu zikue kwa majuma kadhaa, kisha zikate kwa mashine bila kuzifikisha ngozini. Na vikizidi, mwone daktari. Soma karatasi ya chupa, kwa sababu kwa kawaida kilicho kingi huandikwa kwanza. Jaribu kidogo ndani ya mkono wako kwa siku mbili kabla ya kupaka usoni. Ukitumia mshubiri, twaa ute ule mweupe wa ndani, si utomvu wa manjano uwashao. Wala usivamie mishubiri ya porini, ambayo uvunaji wake wa biashara ulipigwa marufuku na Rais Moi mwaka 1986, na tangu mwaka 2007 una kanuni zake. Zaidi ya yote, wembe wako uwe wako peke yako, maana damu iliyobaki juu yake yaweza kubeba maradhi ambayo hakuna manukato yawezayo kuyafukuza.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Twaitumia methali hii kuonyana juu ya misiba, lakini hata kwa maana yake ya wazi ina elimu: maji hutangulia wembe. Unywele uliolowa hulainika, na ngozi iliyotayarishwa haijeruhiwi ovyo. Anayejitunza kabla ya wembe huhitaji machache baada yake. Na anayeijua ngozi yake hatatawaliwa na harufu ya chupa.