Kuchungulia Bila Hodi: Historia Fupi ya Jina la Mtazamaji

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alinijia ofisini akiwa ameishika simu kwa mikono miwili. Miezi kadhaa nyuma alikuwa amefuta akaunti yake ya Instagram ili kumkwepa mwanamume aliyekuwa akimwandama. Siku hiyo alikuwa ameandika jina lake katika Google, na picha zake zikamjia pamoja na tarehe na mahali zilipopigwa. Zilikuwa katika tovuti asiyoijua, inayojinadi kwamba humwezesha yeyote kutazama akaunti za watu bila kujulikana. Aliniuliza: "Dokta, hawa nilipatana nao lini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilikuwa na aibu pia, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kuitumia tovuti ya aina hiyo, nikitaka kujua mwenzangu mmoja tuliyenuniana ameandika nini. Makala haya ni jibu nililomcheleweshea.

Hamu ya kuona bila kuonekana ni kongwe kuliko intaneti, lakini kuigeuza bidhaa ya mtandaoni ni jambo la juzi tu. Friendster, mtandao ulioanza Marekani mwaka 2002, uliamua mwaka 2005 kuwaonyesha watumiaji wake ni nani aliyetembelea kurasa zao. Kabla ya hapo, kupitia ukurasa wa mtu kulikuwa kama kupita mbele ya nyumba yake usiku. LinkedIn nayo ikaifuata njia hiyo. Facebook ilikataa, na hadi leo haimwonyeshi mtu orodha ya waliotembelea ukurasa wake. Kukataa huko kulizaa ulaghai ambao wengi wa umri wangu wanaukumbuka: kiungo kinachoahidi kukuonyesha "nani ametazama ukurasa wako", ukikibofya kinajisambaza kwa marafiki zako wote kwa jina lako.

Mabadiliko makubwa yalikuja na picha na video fupi zinazotoweka baada ya saa 24. Snapchat ilizianzisha mwaka 2013, Instagram ikaziiga mwaka 2016, na WhatsApp ikafuata mwaka 2017 kwa Status. Chini ya kila moja iliwekwa orodha ya majina ya waliotazama. Sisi tuliokulia katika desturi ya hodi tunaweza kuielewa orodha hiyo upesi: ni hodi inayopigwa kwa niaba yako, upende usipende. WhatsApp iliacha mlango wa kutokea, nao una haki ndani yake: ukizima taarifa za kusomwa, unaweza kutazama Status ya mwenzako bila jina lako kutokea, lakini na wewe hutaona waliotazama ya kwako.

Wengi hawakuridhika na biashara hiyo ya nipe nikupe. Walitaka kuona wote, wasionwe na yeyote. Hapo likazaliwa soko lenye pande mbili, na pande zote mbili zimeliwa. Mwezi Novemba 2015 programu iitwayo InstaAgent iliahidi kuwafichulia watu waliotazama kurasa zao. Ilipanda hadi kileleni mwa orodha ya programu za bure za Apple nchini Uingereza na Kanada. Ndipo mtaalamu mmoja wa programu alipogundua kwamba ilikuwa ikituma majina na nywila za watumiaji kwenye seva ya mbali, bila hata kuzificha kwa msimbo. Apple na Google wakaiondoa.

Upande wa pili ndio tovuti za kuchungulia. Jinsi zinavyofanya kazi si miujiza. Instagram haimpi Stori mtu asiyeingia kwa akaunti, kwa hiyo tovuti hizo humiliki akaunti nyingi za bandia zinazoendeshwa na mashine. Wewe unaandika jina la unayemtaka. Seva yao inamtuma mmoja wa mamluki hao akatazame, akopi, akuletee. Katika orodha ya mwenye akaunti hutokea jina la mamluki, wala si lako. Njia hii inafika kwenye akaunti zilizo wazi tu. Akaunti iliyofungwa haionekani isipokuwa kwa mfuasi aliyekubaliwa, na anayekuahidi kinyume chake anatafuta nywila yako au namba ya kadi yako.

Lakini tazama kilichotokea kwa jina lako. Halikufutika. Seva ile inaweza kuhifadhi anwani ya IP ya kifaa chako, aina ya kivinjari, saa uliyoingia, na lile la thamani zaidi: jina la mtu uliyemtafuta na mara ngapi. Matangazo yaliyojaa kurasani hupandikiza vidakuzi vyake. Aliyetazamwa hakujui, ila mtu wa tatu msiyemjua nyote wawili anaweza kuwajua wote. Mwanaharakati anayemfuatilia afisa fulani, au mtumishi wa umma anayeandika jina la mtu anayechunguzwa kwa kompyuta ya ofisi, amemkabidhi mgeni orodha ya mambo yanayomshughulisha.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Mwanamke anayetaka kujua kama mtu aliyemtishia bado anaandika vitisho ana sababu njema ya kutopiga hodi. Hata hivyo, naye analipa bei ileile.

Kashfa ya Cambridge Analytica ya mwaka 2018, iliyogusa taarifa za watu wapatao milioni 87, iliifanya Facebook kufunga milango mingi rasmi ambayo programu za nje zilipitia kuchukua data. Kwa maoni yangu, kufungwa huko kuliwasukuma wachukuaji kwenye madirisha. Mwaka 2022 Meta ilifungua kesi Marekani dhidi ya mtu mmoja wa Uturuki, ikidai kwamba alitumia akaunti za mashine kukomba kurasa za watumiaji zaidi ya 350,000 wa Instagram na kuzichapisha katika tovuti zake. Huo ndio mkasa wa mwanafunzi wangu: kopi haijui kwamba saa 24 zimekwisha, wala kwamba mwenyewe amefuta akaunti.

Hapa kwetu Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imetuundia Tume ya kuipelekea malalamiko. Nilimsomea vifungu. Akaniuliza ni nani hasa angeshtakiwa, ikiwa tovuti haina jina la mmiliki, anwani wala nchi. Nikafunga kitabu.

Tuliomba Google iondoe matokeo yaliyopitwa na wakati, kisha tukaiandikia tovuti yenyewe. Fomu yao ya kuomba kuondolewa ilimtaka kwanza aweke jina kamili, barua pepe na namba ya simu. Tulikaa kimya kitambo mbele ya fomu ile. Hatimaye aliijaza, kwa barua pepe tuliyoifungua siku hiyohiyo na namba ya simu ya ofisini kwangu. Picha ziliondoka baada ya wiki tatu. Juzi amenitumia kiungo cha tovuti nyingine.