'Mufasa': Filamu iliyoigeuza nasaba ya mfalme wa nyika

DESEMBA 2024, kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa filamu kwa jina 'Mufasa: The Lion King', inayorejelea kisa kilichowaliza watoto tangu 1994 na kukisuka upya. Mwelekezi wake ni Barry Jenkins, aliyeelekeza pia 'Moonlight', filamu iliyotuzwa Oscar ya filamu bora mwaka 2017. Katika kumbi za sinema kote duniani, 'Mufasa' ilivuna zaidi ya dola milioni 700.

Wapo wanaodhani ni filamu ya wanyama halisi. La hasha. Hakuna simba aliyesimama mbele ya kamera; wanyama wote wameundwa kwa kompyuta. Hii ni katuni, ila imevishwa ngozi ya kweli.

Filamu asili, 'The Lion King', ilielekezwa na Roger Allers na Rob Minkoff, na watayarishi wake walizuru Kenya, ikiwemo mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, wakitafuta mandhari. Kisa chake kinashabihiana na tamthilia ya 'Hamlet' ya Shakespeare: mfalme anauawa na nduguye, mwana anatoroka, kisha anarejea kudai kiti. Mhimili wake ni damu. Simba ni mrithi kwa kuwa ni mwana wa Mufasa, naye Scar anakereka kwa kuwa kuzaliwa kwa mtoto huyo kumemwondoa kwenye nafasi ya kwanza ya urithi.

Filamu ya 2024 inaung'oa mhimili huo. Rafiki anamsimulia Kiara, bintiye Simba, kwamba Mufasa hakuzaliwa katika ukoo wa kifalme hata kidogo. Alitenganishwa na wazazi wake na mafuriko, akaokolewa majini na Taka, mwana wa mfalme Obasi. Obasi hakumtaka mgeni huyo. Malkia Eshe ndiye aliyemlea. Simba weupe wakiongozwa na Kiros wanapowashambulia, vijana hao wawili wanatorokea nchi iitwayo Milele. Njiani, Sarabi anampenda Mufasa, wivu unamwingia Taka, naye anawaelekeza maadui waliko wenzake. Hatimaye wanyama wa Milele wanamkubali Mufasa kuwa mfalme kwa sababu amewaunganisha dhidi ya Kiros. Taka, aliyezaliwa ili atawale, anabaki bila kiti na bila jina. Mufasa anaapa kutolitamka tena, na yeye mwenyewe anataka aitwe Scar, yaani Kovu.

Mtazamaji anayeirudia filamu ya 1994 baada ya kuiona hii atapata tabu katika tukio la korongoni, pale Scar anapomtupa Mufasa chini. Zamani ulikuwa uroho mtupu wa madaraka. Sasa kucha zinazomsukuma mfalme mautini ni zile zile zilizowahi kumvuta mtoto kutoka majini. Hilo ni pato kubwa kwa kisa. Hata hivyo, kulifanya pendo la Sarabi kuwa chimbuko la usaliti ni hoja hafifu. Mwana wa mfalme aliyekwisha kupoteza wazazi na himaya alikuwa na machungu ya kutosha.

Kovu lenyewe lina historia tatu. Katika kitabu cha watoto cha 1994, Taka alilipata kwa nyati. Katika mfululizo wa televisheni wa 'The Lion Guard', Scar anasema ni swila aliyemuuma. Katika filamu ya 2024, alilipata akimkinga Mufasa dhidi ya pigo la Kiros. Anayetaka jibu moja hatalipata.

Msomaji wa Kalamba, Makueni, au wa Kitui hatashangazwa na hilo. Ngano za Wakamba alizokusanya Profesa John Mbiti, mzawa wa Mulango, Kitui, na kuzichapisha 1966 katika 'Akamba Stories', zilitoka vinywani mwa wasimulizi, na mtambaji wa ngano daima amekuwa na ruhusa ya kuongeza, kupunguza na kugeuza kulingana na hadhira. (Iwapo munyambu, kama simba aitwavyo kwa Kikamba, anastahili kuitwa mfalme, hilo waulizwe wafugaji wanaopakana na Tsavo na vilima vya Chyulu.)

Tofauti iko kwenye umiliki. Ngano ya nyanya haina mwenyewe, ilhali ya Disney ina mawakili. Maneno 'hakuna matata', ambayo kundi la Them Mushrooms la Mombasa lilikuwa limeyaeneza kwa wimbo wa 'Jambo Bwana' mnamo 1982, yalisajiliwa Marekani kuwa alama ya biashara ya Disney mwaka 2003, baada ya ombi lililowasilishwa 1994. Usajili huo haumzuii mtu kuyatamka. Unahusu kuyatumia kuuzia bidhaa kama vile mavazi. Lakini ulipojulikana sana mwaka 2018, maelfu kwa maelfu ya watu walitia sahihi ombi la kuupinga mtandaoni, wakilalamika kwamba lugha ya watu haiuziki.

Si kila jina katika visa hivi ni la Kiswahili. Mufasa si neno letu, na Nala, ambalo vitabu vya ughaibuni hudai ni 'zawadi' kwa Kiswahili, halina maana hiyo. Mengine ni yetu bila shaka: Simba, Rafiki, Sarabi lenye maana ya mazigazi, Shenzi lenye harufu ya matusi ya enzi za ukoloni. Katika filamu ya 2019, sauti ya Shenzi ilitolewa na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala.

Kisha kuna Taka. Mtoto wa London au Chicago hulisikia kama sauti tamu tu na humsubiri mhusika hadi asaliti ndipo amjue. Mtoto wa Kalamba hulisikia jina hilo mara ya kwanza na kuwaza jalala, au kitenzi cha mtu asiyetosheka na alicho nacho, hata kabla ya kijana huyo kutenda lolote ila wema.